20 − 8 + 5 ni ngapi? Walimu tumegawanyika, watoto wa P.6 wanatuangalia

ChakiNyeupe (mwanzisha uzi) · Jumanne, saa 2:40 usiku

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha hisabati P.5 na P.6 (darasa la tano na la sita) huku Bweyale, Uganda, shule ya UPE (msingi ya serikali), darasa moja la P.6 lina watoto 94. Nimekuja na aibu yetu ya ofisi ya walimu, mnisaidie.

Jana tulirudisha mtihani wa mwezi. Karatasi tulinunua kwa watu wanaotunga na kuuza mitihani, siwataji. Swali la 6 lilikuwa hivi: 20 − 8 + 5. Mwongozo wa kusahihishia unasema jibu ni 7. Mwenzangu aliyesahihisha alifuata mwongozo kama ulivyo. Tukarudisha karatasi, kelele za kawaida, binti mmoja akanifuata mlangoni.

"Mwalimu, nikiwa na ndizi 20, nikampa mdogo wangu 8, halafu mama akaniongezea 5, nina ngapi?"

Nikasema 17 bila hata kufikiri.

"Basi mbona nimewekewa X?"

Nimeenda ofisini na ile karatasi. Tulikuwa walimu saba. Wanne walisema 7, watatu tukasema 17. Wale wanne si wajinga, wana hoja: BODMAS (Brackets, Of, Division, Multiplication, Addition, Subtraction), A iko kabla ya S, kwa hiyo unajumlisha 8 na 5 kwanza, 13, ndipo utoe kwenye 20. Mmoja alisoma ng'ambo ya mpaka, akaleta na MAGAZIJUTO: Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. J kabla ya T. Tena aliiimba.

Nimepitia karatasi zote. Watoto 11 waliandika 17 na wote wana X. Waliobaki, karibu wote, waliandika 7, yaani walifanya tulivyowafundisha. Hilo ndilo limeninyima usingizi. Ni mimi niliyewafundisha zile herufi.

Mnafundishaje hii kitu ili isizae jibu la 7?

---

MpakaniMutukula · saa 2:58 usiku

Pole Mwalimu. Jibu ni 17, asikudanganye mtu.

Mimi nimesoma upande wa Tanzania, MAGAZIJUTO tuliimba tangu darasa la nne. Ila mwalimu wetu alikuwa na kipande cha pili ambacho wengi wanakisahau: G na Z ni ndugu, J na T ni ndugu. Ndugu hawapitani, anayetangulia kutoka kushoto ndiye anayehudumiwa kwanza. Tatizo ni kwamba kipande cha pili hakiimbiki. Mtoto anaondoka na wimbo, ufafanuzi unabaki ubaoni unafutwa na kipindi cha sayansi.

---

BodaWaMalaba · saa 3:05 usiku

Mimi niliishia P.5 na sijawahi kukosea chenji. Nikibeba abiria wa 20, nikatoa 8 ya mafuta, mwingine akanipa 5, mfukoni nina 17. Huyo wa 7 aje nimbebe mimi, nitamrudishia chenji kwa BODMAS yake.

---

KalamuNyekundu · saa 3:31 usiku

Nimefundisha miaka 28, sasa niko shambani na kuku. Niruhusuni niandike kirefu kidogo.

Kosa letu la kwanza ni kuwapa watoto herufi kabla ya sababu. Mtoto akiuliza "kwa nini kuzidisha kunatangulia?" tunajibu "kwa sababu BODMAS inasema." Nilikuwa na darasa ambalo nusu yake waliamini Bodmas ni jina la mzungu fulani, kama Speke. Sikucheka, maana ndivyo tulivyomtambulisha.

Anza na rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai. Tuseme mtoto ametumwa: chapati 3 za shilingi 500, mayai 2 ya shilingi 600. Mwambie aandike mstari mmoja:

3 × 500 + 2 × 600

Sasa mwache apige kutoka kushoto bila kuangalia. 3 mara 500 ni 1,500. Jumlisha 2, ni 1,502. Mara 600, ni 901,200. Waulize nani yuko tayari kununua rolex ya shilingi laki tisa. Darasa litaanguka kicheko, na wakicheka hivyo ujue wameshajifunza nusu ya somo.

Halafu uliza swali lenyewe: pale uliposema 1,500 jumlisha 2, ile 1,502 ni ya nini? Shilingi 1,500 na mayai 2. Huwezi kujumlisha shilingi na mayai. Lazima mayai yageuke shilingi kwanza, na kinachoyageuza ni kuzidisha. Kuzidisha kunatangulia kwa sababu mpaka pale bado hujapata vitu vya aina moja vya kujumlisha.

Mimi niliita hii kazi ya mafungu, kama mama wa sokoni na nyanya zake. Kabla hajajua ana shilingi ngapi mezani, anapanga mafungu. Akishapanga, ndipo anahesabu. Kuzidisha na kugawanya ni kupanga fungu, kujumlisha na kutoa ni kuongeza fungu mezani au kuliondoa. Kila penye + au − nje ya mabano, fungu jipya linaanza.

Kwa hiyo mtoto wa P.6 akikutana na

20 − 8 ÷ 2 + 3 × 5

asianze na herufi yoyote. Achukue penseli akate mafungu: 20, kisha −8 ÷ 2, kisha +3 × 5. Mafungu matatu. Sasa kila fungu limalizwe: 20, −4, +15. Jibu 31.

Mpe mwalimu wa JUTO swali hilohilo. Atapata 20 − 4 + 15, ajumlishe kwanza 4 na 15, ni 19, atoe, abaki na 1. Kutoka 31 hadi 1! Tofauti ya 30 kwa sababu ya mpangilio wa herufi kwenye neno.

Na ile 20 − 8 + 5 ya binti ni mafungu matatu pia. Toa imemshika 8 peke yake. Haina mkono wa kumfikia 5. Anayepata 7 amemwekea 8 na 5 mabano ambayo hakuna aliyeyaandika: 20 − (8 + 5).

---

ChakiNyeupe · saa 3:40 usiku

Mzee, "haina mkono wa kumfikia 5". Hii naiba kesho asubuhi.

---

FundiNamba · saa 4:02 usiku

Nasoma uhandisi, si mwalimu, lakini nimekaa na uzi huu na kalamu na nimeona kitu cha ajabu kidogo.

Kwenye MAGAZIJUTO, GAZI haina madhara hata ukiifuata kijinga. JUTO ndiyo yenye sumu. Angalieni.

24 ÷ 4 × 2. Kutoka kushoto: 6 × 2 = 12. Kwa herufi, gawanya kwanza: bado 6 × 2 = 12.
12 × 6 ÷ 3. Kutoka kushoto: 72 ÷ 3 = 24. Kwa herufi: 12 × 2 = 24.

Ukigawanya kwanza hupotei. Wanaopotea ni Wamarekani, maana wao wanaimba PEMDAS, M kabla ya D. Mtoto wao akifuata herufi kijinga kwenye 24 ÷ 4 × 2 anazidisha kwanza, 24 ÷ 8, anapata 3. Sisi tumeponea hapo kwa bahati ya herufi tu.

Ila kwenye J na T hatukuponea. Sasa swali langu: mbona tusigeuze? Mabano, Gawanya, Zidisha, Toa, Jumlisha. MAGAZITOJU. 20 − 8 + 5: toa kwanza, 12, jumlisha 5, 17. 10 + 9 − 4: toa kwanza, 9 − 4 = 5, jumlisha 10, 15. Sawa pia. Nimejaribu mifano kama ishirini, haijanidondosha.

---

MpakaniMutukula · saa 4:09 usiku

MAGAZITOJU 😂😂 inasikika kama kijiji cha huko Buvuma. Lakini kijana ana hoja!

---

KalamuNyekundu · saa 4:26 usiku

Kijana, umeona vizuri na sijawahi kuisikia hiyo ya GAZI ikisemwa waziwazi namna hii. Hongera.

Lakini jaribu hii na mtoto wa P.5: 2 + 3 − 4 + 6. Kutoka kushoto: 5, kisha 1, kisha 7. Salama. Kwa MAGAZITOJU mtoto anaanza na 3 − 4. Huenda hajazoea namba hasi. Atafanya nini? Nawajua, atageuza aandike 4 − 3, apate 1, halafu 2 + 1 + 6 = 9. Umemwokoa kwenye shimo moja ukamtupa kwenye jingine. Kwako wewe wa uhandisi 3 − 4 ni −1 na safari inaendelea. Kwake ni ukuta.

Kingine: ukimbadilishia wimbo bado unampa wimbo.

---

FundiNamba · saa 4:31 usiku

Nimekubali mzee. Nafuta kijiji changu.

---

MwalimuWaNakivale · Jumatano, saa 12:15 asubuhi

Habari za asubuhi. Niko Isingiro, kambini, watoto wangu wengi wametoka Kongo na wazazi wao wanazungumza Kiswahili nyumbani. Kuna mambo mawili hamjayagusa.

La kwanza, alama zenyewe. Mtoto aliyeanza shule upande wa pili wa mpaka anakuja na nukta mbili kwa kugawanya, 12 : 3, na mkato mahali penu pa nukta ya desimali. Anaona ÷ ubaoni anauliza hii ni nini. Kabla hujamfundisha kipi kinatangulia, hakikisha mnasoma alama moja. Nilipoteza wiki nzima nikidhani hawajui mpangilio kumbe hawajui nasoma nini.

La pili, ile O ya BODMAS. Hapa Uganda O ni neno la Kiingereza «of», na P.7 wanaletewa sana kwenye sehemu. MAGAZIJUTO haina herufi hiyo kabisa. Jaribuni hii:

12 ÷ ½ ya 6

Anayejua O anatafuta kwanza nusu ya 6, ni 3, kisha 12 ÷ 3 = 4. Asiyejua anaweka alama ya kuzidisha mahali pa «ya», anatoka kushoto: 12 ÷ ½ ni 24, mara 6 ni 144. Jibu ni 4 au ni 144, na PLE, mtihani wa kumaliza P.7, inakusubiri.

Mimi sifundishi O kama herufi. Nawauliza kwa lugha yao. "Nusu ya sita" ni kitu kimoja au viwili? Wote wanasema kimoja. Kama "mtoto wa dada", huwezi kumchukua mtoto ukamwacha dada, maana yake itapotea. Ile «ya» inawafunga pamoja kama mabano. Hapo Kiswahili kinanisaidia kuliko Kiingereza, na inaniuma kwamba hisabati yenyewe lazima niirudie kwa Kiingereza kwa sababu mtihani ndio huo.

---

ChakiNyeupe · saa 12:50 asubuhi

Mwalimu, hilo la lugha ni kubwa. Kwetu P.1 hadi P.3 ni lugha ya eneo, P.4 mpito, halafu Kiingereza kitupu. Julai 2022 baraza la mawaziri lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima, lakini kama somo. Kwa hesabu bado tunatafsiri kichwani, mwalimu na mtoto wote.

---

MamaWawili_Kasese · saa 1:20 asubuhi

Samahanini walimu, mimi ni mzazi tu. Jana usiku nimesoma hapa nikachukua simu kuhakiki. Nina katochi, simu ndogo ya vitufe, na mume wangu ana simu kubwa. Nimeandika 2 + 3 × 4. Katochi imesema 20. Simu kubwa imesema 14. Sasa mashine zenyewe hazielewani, mtoto wa P.6 afanyeje?

---

MnubiWaBombo · saa 1:34 asubuhi

Dada, zote mbili ni nzima. Mimi natengeneza simu. Kikokotoo cha katochi nyingi kina akili ya hatua moja: ukibonyeza 2 + 3 halafu ×, kinamaliza 5 papo hapo kabla hakijajua unakuja na 4. Kisha 5 × 4 = 20. Simu kubwa inasubiri uandike mstari wote, inausoma, ndipo inapiga. Katochi haijui mafungu ya yule mzee.

Muuza duka anayetumia kile kikokotoo kidogo cha kawaida analijua hilo bila kufundishwa. Anapiga 3 × 500, anaandika pembeni. Anapiga 2 × 600, anaandika. Mwisho anajumlisha alivyoandika.

---

KalamuNyekundu · saa 1:50 asubuhi

Mama Wawili, umeleta zana bora kuliko chati yoyote ya ukutani. Mwalimu ChakiNyeupe, azima katochi moja na simu ya mwalimu mkuu, ziweke mezani, waache watoto wabishane ipi imekosea. Usiwape jibu kwa dakika kumi.

---

Mdadisi256 · saa 3:12 asubuhi

Na ile iliyotikisa mitandao 2019? 8 ÷ 2(2 + 2). Wengine 16, wengine 1. Mseme basi wataalamu.

---

FundiNamba · saa 3:30 asubuhi

Ukienda kutoka kushoto, 8 ÷ 2 ni 4, mara 4 ni 16. Ukisema 2 iliyobanana na mabano ni kitu kimoja nayo, 8 ÷ 8 ni 1. Hata vikokotoo vya kisayansi havikubaliani, inategemea aliyekitengeneza. Swali liliandikwa vibaya kwa makusudi ili watu wagombane. Mtu anayetaka kueleweka anaandika kwa mstari wa sehemu, juu hiki, chini kile, ugomvi kwisha.

---

KalamuNyekundu · saa 3:41 asubuhi

Tusipoteze muda hapo. Swali la aina hiyo halina mahali kwenye daftari la P.6. Ila umenikumbusha mstari wa sehemu: nao ni mabano, tena watoto hawaoni. 8 + 4 juu, 6 − 2 chini. Jibu 12 kwa 4, ni 3. Mtoto akihamisha hiyo kwenye mstari mmoja anaandika 8 + 4 ÷ 6 − 2, na kila kitu kimeharibika. Akiweka mabano mawili, amepona.

---

Mdadisi256 · saa 3:55 asubuhi

Lakini mzee, nani alisema lazima iwe hivi? Mungu au wazungu?

---

KalamuNyekundu · saa 4:20 asubuhi

Watu, tena kidogokidogo. Alama ya = aliiandika Robert Recorde mwaka 1557, mistari miwili sambamba kwa sababu aliona hakuna vitu vinavyolingana kuliko hivyo. Msalaba wa × ulichapishwa na William Oughtred 1631, na ÷ ya kugawanya ikatokea kitabuni mwa Johann Rahn 1659. Hakuna aliyekaa siku moja akatunga yote. Ni makubaliano, kama kuendesha kushoto. Ungeweza kuchagua kulia, wenzetu Kongo wanaendesha kulia, wala hakuna aliyekufa kwa hilo. Wanakufa pale ambapo dereva mmoja yuko kushoto na mwenzake kulia kwenye barabara moja.

Lakini makubaliano haya hayakuokotwa tu. Nenda sokoni uone ni mara ngapi unazidisha halafu unajumlisha, na ni mara ngapi unajumlisha kwanza. Ile ya kwanza ndiyo ya kila siku, ikapewa maandishi mepesi yasiyo na mabano. Ile ya nadra ikaachiwa mabano.

Na kwa kuwa nimeitaja alama ya =, walimu, angalieni daftari za watoto wenu leo. Mtaona hii:

3 × 500 = 1,500 + 2 × 600 = 1,200 = 2,700

Jibu sahihi, njia mbovu. Kasema 1,500 jumlisha 1,200 ni sawa na 1,200. Kwake = si "sawa na", ni "haya, nimepata". PLE ya hisabati Sehemu A ina maswali 20 kwa alama 40, mbili kila moja, na huwezi kuchezea alama ya njia. Mfundishe ashuke mstari. Kila hatua mstari wake, na kisichoguswa kinakiliwa kama kilivyo:

3 × 500 + 2 × 600
= 1,500 + 1,200
= 2,700

Wanachukia kunakili. Wanasema daftari linaisha haraka. Liishe.

---

BodaWaMalaba · saa 6:15 mchana

Leo mmenifanya nihesabu mafungu ya abiria. Bado niko 17.

---

ChakiNyeupe · Alhamisi, saa 1:10 usiku

Narudi na ripoti. Leo nilikuwa na vipindi viwili vya P.6 mfululizo, dakika 80.

Sikuandika BODMAS ubaoni. Nilianza na katochi ya mlinzi na simu ya mwalimu mkuu (alisimama mlangoni muda wote akiilinda). 2 + 3 × 4. Zile 20 na 14 zilizua vita. Kambi ya katochi ilikuwa kubwa zaidi, karibu theluthi mbili, kwa sababu "mashine ndogo haina uongo". Nikawaachia. Kijana mmoja wa nyuma, ambaye baba yake anakaanga chapati barabarani kwenda Gulu, akasimama: "Kama nina shilingi 2 na mtu akaniletea sarafu tatu za shilingi 4, nina 14." Kambi ya katochi ikaanza kuvuja.

Kisha rolex ya 901,200. Mzee ulisema wataanguka kicheko, kweli walianguka. Mwalimu wa P.4 akaja kuuliza kuna nini.

Kadi zilifanya kazi kuliko yote. Nilikata maboksi, nikaandika 20 kwenye moja, −8 kwenye nyingine, +5 kwenye ya tatu, alama ikiwa imeshikamana na namba yake. Watoto watatu wakasimama mbele wamezishika. Nikawaambia wabadilishane nafasi. 20 + 5 − 8. Bado 17. Kila mtu anatembea na alama yake, kama mtu na kivuli. Yule binti wa ndizi ndiye alikuwa ameshika −8, na hakuficha furaha yake.

Ambapo nilikwama: chenji. Niliwapa noti ya 10,000 na bei zile zile za rolex. Wengi waliandika 10,000 − 1,500 + 1,200, wakapata 9,700. Nusu waliona ni vizuri kabisa, umekula rolex na umebaki na 9,700! Ilibidi turudi: umenunua mayai, kwa nini mwenye duka akuongezee pesa? Kisha tukaweka mabano, 10,000 − (1,500 + 1,200), 7,300. Hapo kwenye kutoa kitu chenye + ndani bado kuna ukungu. Kesho narudia.

Kazi ya nyumbani nimewapa hii: 2 + 3 × 4 + 5. Bila mabano ni 19. Weka mabano popote upendavyo, upate majibu tofauti mengi uwezavyo.

---

MwalimuWaNakivale · saa 1:35 usiku

Nzuri sana hiyo. Naiba. Mimi napata manne: 19, 25, 29, 45.

---

MnubiWaBombo · saa 1:41 usiku

45 umeipataje?

---

MwalimuWaNakivale · saa 1:44 usiku

(2 + 3) × (4 + 5). Tano mara tisa.

---

MamaWawili_Kasese · saa 2:20 usiku

Nimempa wa kwangu wa P.6 hapa nyumbani. Anasema amepata la tano: 2 + (3 × 4) + 5. Nimemwambia ni 19 ile ile. Amenuna, anasema mabano aliyaweka kwa mkono wake kwa hiyo ni jibu jipya.

---

KalamuNyekundu · saa 2:33 usiku

Mwambie babu wa kwenye intaneti amesema mabano yake ni sahihi, ila hayana kazi. Fungu lilikuwa limeshapangwa. Asiyafute.

---

Mdadisi256 · saa 2:50 usiku

Na zile karatasi za swali la 6? Wale 11?

---

ChakiNyeupe · saa 3:05 usiku

Mwalimu mkuu ameagiza wote 11 warudishiwe alama zao. Waliopata 7 tumewaachia zao pia, maana tuliwafundisha sisi. Waliotunga mtihani nimewapigia mara mbili, simu inaita tu.